Kusafirisha kompyuta ya mezani kwa basi, Dar hadi Mwanza

Habari mkuu. Umeuliza utaisafirishaje kompyuta uliyoiunda mwenyewe hadi Mwanza kwa basi bila kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye skrini) kung'oka njiani.

Anza na vitu vizito vinavyoning'inia ndani. Kadi kubwa hupita kilo 1 na imeshikwa upande mmoja tu, hivyo kila tuta inavuta sloti, yaani tundu ilipochomekwa. Itoe, itie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, panda nayo mwenyewe. Kipoozaji kirefu cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nacho kitoe, ila kwanza washa mashine dakika chache ili pasta ya kupitisha joto iliyo kati yao ilainike, kisha izime na ukizungushe taratibu. Ukikivuta kikiwa baridi, prosesa ya AMD ya soketi AM4 (aina ya kikao cha prosesa) inaweza kung'oka nacho.

Kioo cha ubavuni kifunge peke yake. Kasha lizungushie sponji nene; mafundi makochi huuza vipande kwa bei ndogo, navyo nimevitumia sana. Magazeti hujikunja na kuacha nafasi. Ukitikisa boksi na kitu kikacheza, ongeza sponji.

Faili zako muhimu zinakili kabla ya safari. Ukifika, rudisha kila kitu na ukandamize nyaya zote kabla ya kuwasha.