Msiniulize Chambo, Niulizeni Saa Ngapi

Kamwene!

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia: "Kaka, nimekaa bwawani Jumamosi nzima sijapata hata mmoja. Wewe unatumia chambo gani?" Tangu niweke picha ya yule kambale wangu nimepokea ujumbe wa aina hiyo mpaka nimechoka kujibu. Wote mnauliza chambo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikwenda mtoni saa ngapi, mwezi gani, na maji yalikuwa na rangi gani. Siwalaumu sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, na nililipia kwa aibu ambayo mpaka leo haijaisha nyumbani kwangu.

Mke wangu ni mtu wa Mwanza. Julai mwaka juzi kaka yake alikuja kututembelea hapa Iringa. Sasa mtu wa ziwa ukimwambia unavua kwa ndoano kwenye mito na mabwawa ya huku milimani, anakutazama kama mtoto anayejisifu kuendesha baiskeli. Nikapandisha mori. Nikasema mezani, watoto wakisikia, kwamba Jumamosi tutarudi na perege wa kukaanga na wengine wa kugawia majirani. Mke wangu akanunua mafuta kabisa.

Tukaenda kwenye bwawa la rafiki yangu kule Mufindi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu nilikuwa nimesikia mvuvi wa kweli huwahi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na majani ya pembeni yalikuwa meupe kwa sakitu. Nilikuwa na fimbo tatu za mlanzi nilizozikausha mwenyewe, kopo zima la nyungunyungu waliochimbwa kwenye lundo la mbolea, na donge la ugali wa dona uliokandwa na unga wa dagaa. Maboya niliyachonga kutoka kwenye kandambili iliyokatika. Yaani nilikuwa kamili.

Boya halikutikisika. Saa moja. Saa mbili. Nikabadilisha chambo, nikahamia upande wa pili, nikarudi. Shemeji alikuwa amejifunika kitenge cha dada yake mpaka masikioni. Ilipofika saa tano akaniuliza kwa upole kabisa: "Shem, humu mna samaki, au tumekuja kuangalia maji?"

Hilo ningelimeza. Lililoniuma ni kwamba tulipofika mjini aliomba tupitie sokoni, akanunua sato wa Mtera kwa hela yake, akamkabidhi dada yake mlangoni bila kusema neno. Mafuta yakatumika. Na miezi mitatu baadaye, kwenye sendofu ya mdogo wao, alipewa kipaza sauti akaisimulia hadithi nzima, na kitenge akakiweka.

Aliyenifumbua macho ni mzee anayelinda lile bwawa. Nilirudi peke yangu, nikamlalamikia kwamba bwawa lake halina samaki. Akacheka. "Mwanangu, ungekuwa wewe umelala kwenye maji yale usiku kucha, ungeamka kula alfajiri?"

Perege ni samaki wa joto. Anakua na kula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anapooza, na yakielekea 16 hivi hataki chakula, umpe nyungunyungu au umpe pilau. Mafinga na Mufindi ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai baridi yake mnaijua wenyewe. Kama ni lazima uvue miezi hiyo, nenda saa nane mchana jua likiwa limeshapasha maji ya pembeni, tena ukae upande unaopigwa na jua. Lakini mimi nakushauri usubiri Oktoba. Na ndoano iwe ndogo, mdomo wa perege si gunia.

Kambale ni habari nyingine, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Desemba iliyopita mvua za kwanza zilipiga siku tatu mfululizo. Ruaha Mdogo ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Wenzangu walisema maji yamechafuka, hakuna kuvua. Mimi nikasema ndiyo siku yenyewe. Kambale hategemei macho, anapapasa kwa sharubu na kunusa, na mto ukianza kujaa hutoka kwenye kina na kusogea kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Nilifika saa kumi na moja jioni, nikafunga ndoano kubwa, nikatunga nyungunyungu watano pamoja na kipande cha utumbo wa kuku, nikaweka risasi ili chambo kilale chini kabisa. Giza lilipoanza kuingia, mshipi ukasogea taratibu kama mtu anayevuta shuka usiku. Sikuuvuta. Nilihesabu mpaka kumi, mikono inatetemeka, ndipo nikakaza.

Tulivutana mpaka viatu vikajaa tope. Nilimtoa kwenye majani kwa kumkumbatia, na mwiba wake wa pembeni ya kichwa ukanichana kiganja. Kilo nne na robo, kwa mizani ya muuza nyama wa mtaani kwetu.

Nikampiga picha akiwa juu ya mizani, nikamtumia shemeji. Akajibu: "Hongera shem. Wamekuuzia bei gani?"

Basi, kijana wangu wa Mafinga, na ninyi wengine mliouliza: kwanza saa, halafu mwezi, halafu rangi ya maji. Chambo baadaye. Shida yenu mnataka njia ya mkato, na ndiyo hiyo hiyo inawapeleka wengine kutwanga utupa na kumwaga mtoni. Huo si uvuvi. Unaua mpaka vifaranga vya msimu ujao, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu. Nendeni kwa afisa uvuvi mkaulize utaratibu wa leseni, hawaumi. Na wanaokwenda Mtera, msisimame ndani ya maji mpaka magotini kama mnavyopenda kupiga picha. Mle mna mamba na viboko. Subira, ndugu zangu, narudia, subira.

Juzi shemeji amepiga simu, anakuja tena na familia yake. Nikamuuliza mwezi gani. Julai. Nimemwambia safari hii tutakwenda Isimila, kuangalia mawe.