Je, Moshi wa Mafuta ya Mbono Kaburi Hauna Madhara?

SWALI: Mhariri, nina mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa injini ya dizeli, na bomba lake la moshi linaishia ndani ya banda. Fundi amenishauri nitumie mafuta ya mbono kaburi, akisema kwamba moshi wake hauna madhara kwa sababu mafuta hayo hutokana na mmea. Je, ni kweli? – Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo una ukweli nusu. Injini ya dizeli kutumia mafuta ya mimea si jambo geni, kwani katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa tu ni mazito mara kadhaa kuliko dizeli, hivyo nozeli (kifaa kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini) hushindwa kuyanyunyiza katika matone madogo, hayaungui yote, na masizi huganda kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, hata moshi ukazidi ule wa awali.

Mafuta yanayofaa ni biodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyokwisha kuchanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) pamoja na kichocheo (kemikali ya kuharakisha mabadiliko) ili gliserini, sehemu inayoyafanya yawe mazito, ijitenge. Hayo ni mepesi, na oksijeni iliyomo, takriban asilimia 11 ya uzito wake, husaidia uunguaji. Uchambuzi wa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, katika injini za magari makubwa, biodizeli tupu ilipunguza chembechembe za masizi na kaboni monoksidi kwa karibu nusu, lakini oksidi za nitrojeni ziliongezeka kwa takriban asilimia 10. Gesi hizo hazionekani kama moshi mweusi, ila huwasha mapafu. Kwa hiyo usipime usafi wa moshi kwa macho peke yake.

Linalonisikitisha zaidi ni bomba la moshi kuishia ndani ya banda, pale akina mama na watoto wanaposubiri zamu na ndoo zao za mahindi. Tangu mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kabla ya kubadili mafuta, tafadhali safisha chujio la hewa, mwite fundi apime nozeli, kisha urefushe bomba hilo litoke nje na kupita juu ya paa.