Mchango Nitatoa, Kamati Siingii

Matokeo ya Bodi ya wahasibu, NBAA, yalitoka Ijumaa jioni nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi, natoka Kivukoni narudi Kimara, basi limeshona. Nikafungua simu kwa mkono mmoja. C1, karatasi mojawapo ya CPA, cheti cha juu cha uhasibu: nimefaulu. Nilishuka Ubungo, si kituo changu, nikasimama pembeni nikalia. Ilikuwa mara yangu ya tatu kuufanya mtihani ule.

Tangu hapo ujumbe haukatiki. "Dada, umewezaje na kazi na watoto?" Nitawaambia ukweli wote.

Mara ya kwanza sikujiandaa, basi. Inayouma ni ya pili. Mitihani ya NBAA ni mara 2 kwa mwaka, Mei na Novemba, nami nilikuwa nimejisajili ya Novemba. Agosti, binti wa shangazi akatangaza harusi ya Desemba. Wakanichagua mweka hazina kwa sababu mimi ni mhasibu, na ile heshima ikanipofusha. Vikao vikawekwa Jumapili alasiri, siku yangu pekee ya kukaa na kitabu. Usiku ni kurusha orodha kwenye grupu: jina, ahadi, alichotoa, salio. Usiku mmoja, saa sita imepita, kitabu kiko wazi kwenye hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, juu yake nimelaza daftari la michango, natafuta 50,000 ya mjomba isiyoonekana. Niliipata. Ule ukurasa sikuurudia tena, na Novemba swali likaja humo humo.

Harusi ilifana sana. Januari nilipofeli, katika kamati nzima hakuna hata mmoja aliyeniuliza umefikia wapi. Sitaficha, mpaka leo linaniuma.

Ndipo nikakaa na mume wangu mezani, nikaandika mambo matatu tu: Mungu na nyumba yangu, CPA, na kazi inayotulisha. Orodha nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Likija ombi lolote, nalipeleka pale kwanza. Kengele nikaitega saa kumi alfajiri, simu inalala sebuleni, na data siwashi mpaka nimemaliza saa moja na nusu ya kusoma. Kisha ndiyo uji wa watoto na sare zao. Shangazi nilimwambia wazi: mchango nitatoa, kamati siingii. Alininunia miezi miwili.

Ndugu yangu unayesoma, usiniambie huna muda. Muda unao, umewagawia watu, na wao hawajui hata kama umewapa. Hebu pekua simu yako uone jana saa tatu usiku ulikuwa wapi. Andika mambo yako matatu leo, si Jumatatu. Yaanze hayo kabla hujaongea na mtu yeyote. Na ukikataa, kataa mapema, kwa upole, bila hadithi ndefu. Watakununia, ndiyo. Kubali kununiwa. Nasema tena: kubali kununiwa, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia, hasa sisi wanawake tuliolelewa kumridhisha kila mtu.

Jumamosi shangazi alipiga. Alinipongeza kwa vigelegele, tukacheka vizuri, kisha akasema kuna send-off ya mdogo wake yule bibi harusi, na wanahitaji mtu mwaminifu wa kushika hela. Nimemwambia mchango wangu atauona tarehe 25, mshahara ukiingia. Novemba nina karatasi mbili.