Maswali ya Wasomaji: Ndoano za Pembe Tatu Zinapokwenda Baharini

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka kadhaa nimevua sangara, ambaye hapa kwetu tunamwita mputa, kwa vyambo bandia vyenye ndoano za pembe tatu katika Ziwa Viktoria na chini ya maporomoko ya Murchison. Mwaka huu nilikwenda Malindi kwa siku nne na vyambo vilevile. Kolekole mmoja alizinyoosha ndoano mbili, na nilipofika nyumbani nilikuta ndoano zote sandukuni zimeshika kutu, hata zile ambazo sikuzitumia. Ninunue zipi, na nizitunze vipi? — Msomaji, Jinja

JIBU: Nianze na hizo ambazo hukuzitumia, kwa sababu ndizo zinazolifichua kosa. Kila chambo ulichokirudisha kikiwa kimelowa kilibeba chumvi, na chumvi hiyo, ikiwa imefungiwa pamoja na unyevu kwa safari nzima kutoka pwani hadi Jinja, iliwaambukiza jirani zake. Anayekijua kiwanda cha chumvi cha Katwe, magharibi mwa Uganda, kilichokwama baada ya maji ya ziwa la chumvi la huko kuyala mabomba yake, hatashangaa kwamba waya wa ndoano haukustahimili. Kwa hiyo suuza usiku uleule, palepale ulipofikia: loweka vyambo katika beseni la maji ya bomba kwa dakika kumi hivi, vikung'ute, uviache vikauke kabisa, ndipo uvirudishe sandukuni, na vilivyotumika visichanganywe na vipya.

Kuhusu ununuzi, ndoano nyingi za maji baridi hupakwa rangi ya shaba au nikeli nyembamba, ambayo ziwani inatosha lakini baharini haikawii kuliwa. Tafuta za chuma cha kaboni zilizopakwa bati. Zile za chuma kisichoshika kutu zinavutia kwa jina, ila kwa kawaida chuma chake ni laini zaidi na ncha haidumu, na samaki akikata mshipi atabaki nayo mdomoni muda mrefu; mimi sizinunui.

Unene wa waya huonyeshwa kwa herufi X, kwa hiyo 4X ni nene kuliko 2X, na kwa kolekole mkubwa nisingeshuka chini ya 4X. Alama hiyo isichanganywe na namba ya ukubwa, ambayo imewapoteza wengi dukani: namba 4 ni ndogo kuliko namba 2, lakini ukishapita namba 1 hesabu inageuka, na 3/0 inakuwa kubwa kuliko 1/0.

Waya mnene una gharama yake. Ni mzito, na chambo kilichoundwa kuelea kinaweza kuzama au kupoteza mchezo wake majini, hivyo pima ndoano ya zamani na mpya kwa mizani ndogo ya jikoni, kisha ujaribu chambo kwenye pipa la maji kabla ya kusafiri. Hakikisha pia kwamba ndoano ya mbele na ya nyuma hazifikiani zikining'inia, la sivyo zitashikana badala ya kumshika samaki. Na ukibadilisha ndoano, badilisha na pete inayoishikilia. Pete dhaifu itafunguka kabla ya ndoano nene kupinda, nawe utailaumu ndoano bure.

Ncha ijaribiwe kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Tupa ndogo itainoa, lakini kumbuka kwamba inaondoa pia lile bati, kwa hiyo kutu itaanzia hapohapo uliponoa. Ndoano ya baharini ninainoa mara moja, mara mbili kwa shida, kisha ninaibadilisha.

SWALI: Je, naweza kuondoa kutu kwa mafuta ya taa na kuendelea kutumia ndoano hizo? — Msomaji, Entebbe

JIBU: Ikiwa ni wekundu wa juujuu unaofutika kwa kitambaa, endelea. Ikiwa umeacha vishimo, hasa kwenye tundu au kwenye mpindo, waya umeshapungua na hakuna mafuta yatakayourudisha. Kata pembe zake kwa koleo na uzitie katika chupa yenye kifuniko. Usizitupe ufukweni, ambako watoto hucheza pekupeku.