Re: Hivi nyie wa Mbeya mnasikia nini kwa Frank Zappa?

Mkuu, umeuliza tunapenda nini kwenye zile kelele za Zappa, yule mwanamuziki wa roki wa Marekani, na mgeni aanzie wapi. Anza na albamu yake Hot Rats ya 1969. Karibu yote ni vyombo vitupu, wimbo mmoja tu una mwimbaji, hivyo kejeli zake hazitakukera mapema.

Kinachotushika ni kwamba ule wendawazimu umepangwa. Jamaa alikuwa anaandika nota za okestra kwa mkono, tangu ujana akimhusudu mtunzi wa muziki Edgard Varèse, na mwaka 1984 ikatoka albamu ambayo Pierre Boulez mwenyewe, kondakta mkubwa wa okestra kutoka Ufaransa, anaongoza kazi zake. Mwaka uliofuata huyo mtu wa vituko akapiga suti na tai, akaenda Seneti ya Marekani kupinga lebo za onyo kwenye albamu.

Nyimbo zake za utani mchafu mimi naziruka (najua wakongwe humu watanishambulia).

Ila usimsikilize kwa spika ya simu pale Mwanjelwa, bodaboda zitameza besi yote. Ngoja baridi la Julai likufungie ndani, vaa hedifoni. Ukimaliza hiyo, tafuta The Yellow Shark, ya 1993, mwaka aliofariki kwa saratani ya tezi dume.