Mashine zilikuwepo, vijiti havikuwepo

Ndugu zangu wa Mombasa, mnauliza: Marekani yenye pesa zote zile, ilikuwaje mwaka 2020 watu wasubiri majibu ya korona wiki nzima na zaidi? Mashine zilikuwepo. Vilivyokosekana ni vile vidogo vinavyotumika mara moja na kutupwa.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Vipimo ambavyo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilisambaza mapema Februari vilikuwa na kitendanishi (kemikali ya kupimia) kibovu, kikitoa ishara ya virusi hata pasipo virusi. Na hospitali zilizojitengenezea vyao zilizuiwa kuvitumia hadi sheria ilipolegezwa tarehe 29 Februari. Muda huo ugonjwa ulikuwa ukitembea.

Kisha vijiti. Kijiti cha kupitisha puani hadi nyuma kabisa si cha kusafishia masikio. Uti wake uwe wa plastiki, na kichwa chake kiwe cha nyuzi za nailoni au poliesta, maana uti wa mti unaweza kuzuia PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, isifanye kazi, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Ulimwengu ulitegemea hasa viwanda viwili: Copan ya Brescia, Italia, na Puritan ya jimbo la Maine, Marekani. Brescia iko Lombardy, palepale ugonjwa ulipochachamaa Machi.

Kijiti kikipatikana, chupa ya maji ya kusafirishia sampuli imeadimika. Ikipatikana nayo, sampuli hukaa kwenye friji ya nyuzijoto 2 hadi 8 kwa saa 72. Zikipita, itiwe kwenye friza ya nyuzijoto 70 chini ya sifuri. Halafu vinatakiwa vitendanishi vya kutoa RNA (chembe za urithi za virusi) kwenye sampuli, na ncha za pipeti, kifaa cha kunyonyea na kupimia matone. Sahani ya PCR ina visima 96: viwili vya kuhakiki, 94 vya wagonjwa. Ncha zikiisha mashine inalala, hata iwe ya bei gani.

Njia ya kubana matumizi ilikuwa kuchanganya sampuli 4 na kuzipima kwa pamoja. Watu 100 ni vipimo 25. Mmoja akiwa na virusi, unarudia wanne wa kundi lake, jumla 29. Lakini maambukizi yakizidi, karibu kila kundi linarudiwa na faida inapotea.

Kwangu mimi, kinachoudhi zaidi ni mashine zilizofungwa. Mashine ya kupimia ya GeneXpert haikubali ila katriji (vikopo vyenye kemikali za kipimo) za kampuni yake, Cepheid. Nyingine, Cobas, haikubali ila vitendanishi vya kampuni yake, Roche. Maabara tajiri huku Marekani zilinunua mashine za kampuni kadhaa, huyu akikosa mzigo waende kwa yule. Huko nyumbani sampuli za Pwani zilibebwa hadi maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, huko Kilifi, na malori yaliyotoka bandarini yakapanga foleni Malaba, mpakani na Uganda, madereva wakingoja majibu.

Kwa hiyo hospitali yenu ikiletewa mashine ya msaada, kabla ya kukata utepe ulizeni: katriji moja bei gani, inafika baada ya siku ngapi, inaharibika lini, na kampuni nyingine inayoitengeneza ipo? Muuzaji akisema hakuna mwingine, ombeni mkataba wa kuleta mzigo kila mwezi, uandikwe kabla mashine haijashushwa.