Muulize Fundi: Magunia 20, simtanki na pikapu moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nalima viazi Njombe. Nimejikusanyia hela ya pikapu ya kutoa mzigo shambani hadi kwenye lami, kilomita 14 za udongo. Wakati wa kupiga dawa itavuta trela lenye simtanki la lita 1,000. Dalali anasema Hilux ya injini 2.8 inavuta tani tatu na nusu, kwa hiyo magunia 20 mgongoni ni mchezo tu. Shemeji anang'ang'ania Land Cruiser singo kabini, ile 79. Nimsikilize nani?
Mkulima, Njombe

JIBU: Marahaba. Msikilize shemeji, ila magunia 20 yasahau kwa gari zote mbili.

Dalali kachanganya kuvuta na kubeba. Mzigo wa trela umekaa juu ya magurudumu ya trela lenyewe. Gari inaukokota tu. Mzigo wa mgongoni unakalia springi, ekseli, tairi na chesesi ya gari yako. Hiyo Hilux inaruhusiwa kweli kuvuta hadi kilo 3,500, tena trela liwe na breki zake. Mgongoni mwake ni kama tani moja, na humo umo wewe, utingo na ndugu anayeomba lifti. Na usidhani utajaza mgongo mpaka mwisho halafu ufunge na trela la tani tatu na nusu: gari na trela kwa pamoja vina kikomo chao, kiko kwenye kitabu cha gari.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu hayo magunia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa tunaijua wote. Mwezi uliopita mteja alikuja gereji kwangu na viazi, gari imekaa chini kama kuku anayeatamia. Tukashusha gunia moja, tukaliweka kwenye mizani ninayopimia vyuma chakavu: kilo 132. Zidisha mara 20 uone. Hapo ni mzigo wa Canter.

Simtanki nalo. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, bado chuma cha trela. Trela lisilo na breki, pikapu nyingi za saizi hii mwisho wake ni kilo 750. Kwa hiyo fundi wako wa kuchomelea akikutengenezea trela, mwambie aweke ekseli yenye breki, na kwenye tanki atie vizuizi vya ndani. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa pomoni, maana ukikanyaga breki maji yanakuja mbele yote kwa mpigo na kukusukuma mgongoni.

Hili la trela nalisema kwa uchungu. Nikiwa kijana nilitoka Mafinga na pikapu ya tajiri wangu, nyuma trela la mbao. Tulizipakia kwa haraka, nyingi zikaegemea nyuma. Njia nzima lilikuwa likitingisha mkia kidogo, nikajifanya sioni. Kuanza kuteremka Kitonga, mkia ukawa wa mamba. Nikakanyaga breki, likazidi. Kona ya tatu harufu ya breki imejaa kabini na pedali inazama. Nilinusurika kwa gia ya pili na ukingo wa udongo. Tangu siku hiyo napanga mzigo wa trela hivi: uzito zaidi mbele ya ekseli, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote inakandamiza ndoano ya gari. Na mteremko nauanza na gia ndogo kabla gari haijachukua kasi.

Sasa kwa nini 79? Ile yenye injini ya 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Si ya kukimbia, ina nguvu farasi kama 130 tu, na huko kwenu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, itahema zaidi maana hewa ni nyepesi. Utapitwa hadi na Noah. Lakini chesesi yake ni nene, nyuma ina springi za pleti, na injini hiyo mafundi wa vijijini wanaifungua wamefumba macho. Hilux ya 2.8 inaipita mbali kwa nguvu, na mafuta inakunywa kidogo kuliko 79. Ila nozeli zake zikinywa dizeli ya kwenye madumu yenye maji, utalia. Kama huna uhakika na mafuta unayonunua, jibu umelipata.

Ina kasoro moja ya tope: 79 zilizotoka kuanzia 2007, magurudumu ya nyuma yamebanana kuliko ya mbele, kwa hiyo hayafuati mfereji uliochimbwa na ya mbele. Masika utaisikia nyuma ikivutwa pembeni. Usishtuke, punguza mwendo.

Ukienda kuikagua, ingia chini na tochi. Angalia chesesi pale kabini inapoishia na bodi inapoanzia: ndipo inapopasuka gari iliyozidishiwa mzigo. Ukikuta imechomelewa na kupakwa rangi mpya, toka, nenda kanywe chai.

Beba magunia manane, rudi tena. Siku ya mzigo mkubwa kodi Fuso.

SWALI: Fundi, nikiongeza pleti mbili za springi kwenye Hilux, si itabeba tani mbili?
Dereva, Makambako

JIBU: Itasimama wima, hiyo ndiyo faida utakayoipata. Breki ni zilezile, ekseli ileile, beringi zilezile, chesesi ileile. Trafiki hataona gari imelala, na wewe pia hutaona.